Kumuulizia Namba Kumi

Kaka yangu Sylvanus Oloo aliisimamisha video pale pale anapoisimamisha kila siku: Gradi ameukumbatia mpira kifuani, refa ameshaonyesha penalti, na uwanja mzima umenyanyuka. Dole gumba la kaka liliganda juu ya kioo. Akanisogezea simu usoni, utadhani mimi ndiye niliyepiga kipyenga.

"Tazama uso wake, Teresa. Huyu ndiye mnayetaka nimpe binti yangu?"

"Sylvanus, hiyo video nimeiona mpaka naiota."

"Basi itazame tena."

Akaiachilia. Gradi akageuka, akatembea, akamkabidhi Travis mpira. Travis akaupaisha juu ya goli, juu ya miti, sijui hata kama uliokotwa. Kabla mchezo haujaisha wapinzani wakafunga, na kombe likaenda mtaa mwingine. Hayo ni ya mwaka jana, lakini kwa kaka yangu yanatokea upya kila asubuhi, kabla hajanywa chai.

Ni lazima mumwelewe. Timu ile, Nyota ya Reli, ni yeye aliyeianzisha, enzi zile Wakenya wa Namuwongo, hapa Kampala, walipokuwa hawana pa kukutania Jumapili baada ya kanisa. Baadaye Wakongo nao wakaingia, na mmoja wao alikuwa Gradi, kijana mwembamba wa maneno machache, aliyevaa jezi namba kumi na kuuchezesha mpira kwa misimu minne. Misimu minne, fainali mbili, kombe hata moja hakuna. Mwaka huu alitundika daluga kwa sababu ya goti. Na kabla jezi haijakauka kwenye kamba, akatuma ujumbe kwamba anataka kuja kumposa Whitney, mtoto wa kaka yangu.

Kwetu sisi, kabla wageni wa posa hawajakanyaga kizingiti, mtu hutumwa kimya kimya akaulizie kwao kijana. Mara nyingi ni shangazi, kwa kuwa shangazi haogopi kuuliza. Anakwenda kijijini kwao, anapita kwa majirani, anaomba maji ya kunywa, na huku anachokonoa: je, ni watu wa ugomvi? Wana mkono mrefu? Wanawake wanaoolewa pale wanakaa au wanakimbia? Ndivyo ninavyoijua kazi hiyo. Sasa kwa Gradi ningekwenda wapi? Kijiji chao, kule juu ya Uvira, kilichomwa moto, na majirani wa kuuliza wametawanyika nchi nne.

"Kwao ni timu," kaka akasema. "Nenda kaulize timu. Swali langu ni moja tu. Katika misimu yake na sisi, alifaulu au hakufaulu? Jumamosi wageni wakishaketi, utasimama unijibu mbele yao."

"Kwani wewe unaoza binti au unasajili mchezaji?"

Hakucheka. Nikajua mambo yameiva.

Naye Whitney alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa povu la sabuni, anasikia yote. Msichana yule ana msimamo wa ajabu. Alikwisha kuniambia kwamba hatatoroka na mtu. "Baba akikataa, nimekataliwa," alisema. "Lakini asitegemee nitamletea mwingine." Nilimwangalia, naye akanikazia macho bila kupepesa. Yaani maisha ya mtoto yalikuwa yamewekwa mkononi mwangu, na kilichoyaning'iniza ni mpira wa penalti!

Nilipandwa na hasira ambayo sikuitegemea, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Mume wangu Byron alikuwa nahodha wa Nyota ya Reli. Yeye alileta makombe matatu. Na nani alitumwa kumuulizia Byron wakati ule, kwa kuwa shangazi yetu alikuwa mgonjwa? Sylvanus. Na alirudi na jibu gani? Makombe matatu. Basi nikaolewa na makombe matatu, nikakaa nayo, na siku Byron alipoondoka kwenda kuishi na mwanamke mwingine Eldoret hakuaga hata jirani. Sikumkumbusha kaka hayo. Anayajua, na yakitajwa anaugua kichwa.

Niliomba ruhusa kazini. Mimi huuza tiketi za mabasi yaendayo Kisumu, kazi ya kugombana na watu wenye haraka, na wiki ile mwenye haraka nilikuwa mimi. Nikaanza na Barnabé.

Barnabé ni kocha wa timu, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani mwenye kibanda chake karibu na reli. Nilimkuta amezama katika kitenge cha bi harusi fulani. Aliponiona alijua nimefuata nini. Habari za posa hazifichiki Namuwongo.

"Mama Teresa, karibu. Kaa hapa, hiki kiti ni kizima."

"Sikai sana. Niambie, Gradi alifaulu au hakufaulu?"

Alitoa mguu kwenye cherehani. "Siku Gradi anafika, tulikuwa watu saba. Saba, mama! Kipa alikuwa mimi, na hili tumbo. Bwana yako, unisamehe, aliacha makombe kwenye kabati na hakuacha wachezaji. Kila mtu alikuwa amekosana naye. Gradi hakusema kitu. Alikuwa anakuja mapema, anapanga mawe ya goli, anamwita mtu mmoja, kesho anamwita mwingine. Leo tuko na timu mbili, na wengine wanagombania benchi."

"Lakini kombe?"

"Kombe hapana."

"Na ile penalti?"

Barnabé alitabasamu kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo. Akaniambia kwamba siku ile mama yake Travis alikuwa ametoka Busia kuja kumwona mwanawe akicheza kwa mara ya kwanza, amekaa mbele kabisa na leso yake ya kanisani. Gradi alimwona. Akaona bora mama yule amshuhudie mwanawe akifunga bao la kombe, basi akaitoa nafasi yake. "Huyo ndiye Gradi," akasema. "Mtu wa kuachia mwingine. Jumamosi nitalisema hilo mbele ya mzee Oloo mpaka alie."

"Gradi mwenyewe alikuambia hivyo?"

"Mambo mengine haisemwi, mama. Inaonekana."

Niliondoka pale nimefurahi, lakini furaha ile haikufika hata barabara kuu. Kuna kitu kilinikereketa. Huruma ni nzuri, sikatai. Lakini penalti ile haikuwa ya Gradi peke yake; ilikuwa ya watu kumi na mmoja, na ya kaka yangu, na ya wale watoto waliopanda juu ya ukuta kutazama. Mwanamume anayegawa vya wote ili amfurahishe mmoja, nyumbani kwake atagawa nini? Nikajiambia, Teresa, sasa unatafuta kasoro. Nikajijibu, si ndicho nilichotumwa?

Kesho yake nikaenda Kibuli. Travis, yule mpigaji wa penalti, ana bodaboda yake pale chini ya mlima wa msikiti, anabeba wagonjwa na wanaokwenda kuwaona wagonjwa. Ni Mkenya mwenzetu, kijana wa kucheka sana zamani. Alinipisha kwenye kiti cha pikipiki kivulini, yeye akachuchumaa.

"Shangazi, mimi sina neno na Gradi."

"Sikukuuliza kama una neno. Nimeuliza alifaulu au hakufaulu."

Alichukua kijiti akawa anakwangua tope kwenye gurudumu. Mara maneno yakamtoka yote kwa pamoja. "Aliniuliza? Nakwambia, shangazi, aliniuliza? Alikuja tu akanitilia mpira mkononi, mama yangu amekaa pale. Nani alimwomba huruma? Sasa watoto wote wa Namuwongo wananiita Roketi. Abiria mzima na tai yake anasimama hapa, 'Roketi, nipeleke Kabalagala.' Nacheka naye. Nifanyeje?"

"Kwa hiyo unasema hakufaulu."

"Nani kasema hivyo?" Alikasirika kabisa. "Misimu minne nimefunga mabao ambayo sikuyatafuta. Nageuka, mpira uko mguuni. Sijui aliniona saa ngapi. Hakuna mtu amewahi kunijua uwanjani vile, hata ndugu yangu wa tumbo moja. Ndiyo maana inaniuma. Angenipa mtu mwingine ule mpira ningekuwa nimesahau."

"Na Jumamosi utakuja na wageni?"

"Nitakuja. Nisipokuja watasema bado inanila."

"Na je, haikuli?"

Alinyanyuka, akampigia honi mteja aliyekuwa akivuka barabara.

Jioni nilikwenda kwa kaka, nikamkuta Whitney anachambua mchele. Nilikaa naye, nikaanza kuchambua upande wangu wa sinia, na sikuweza kutulia. Nilikuwa natupa mchele na kubakiza mawe. Nilimwambia wazi kwamba mambo yamenichanganya. Kocha anamsifu kwa jambo ambalo mwenye kulitendewa analia nalo. Nimwambie baba yako nini?

"Umemuuliza Gradi mwenyewe?"

"Mwanangu, anayeulizwa si bwana harusi. Wanaulizwa watu wake."

"Basi vunja utaratibu, shangazi. Muulize."

"Kwani wewe unajua nini?"

"Najua," akasema, na kichwa hakuinua. "Lakini si langu kusema."

Nilimtazama kwa wivu kidogo, nakiri. Mimi katika ndoa yangu sikuwahi kuwa na jambo la kumfichia mume ambalo yeye mwenyewe aliniambia. Byron hakuwa akiniambia kitu. Nilikuwa nasikia habari zake kwenye mashine ya kusaga unga.

Basi Ijumaa nikapanda hadi Kasubi. Gradi anafanya kazi kwa fundi mmoja wa kuchomelea mageti, kando ya barabara, cheche zinaruka mpaka wapita njia wanajikunja. Nilisimama mbali nikamtazama. Alikuwa anaunga geti kubwa la mtu tajiri, kapiga goti moja chini, lile zima. Aliponiona alizima mashine, akavua kinyago, akafuta mikono kwenye suruali, na bado hakunipa mkono kwa sababu ulikuwa mchafu. Alinipa kiwiko. Tabia njema, nikasema moyoni, lakini hata Byron alikuwa na tabia njema mbele za watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sina muda, na wewe una kazi. Kesho nitasimama mbele ya baba yake Whitney. Nataka kujua kwa nini ulimpa Travis ule mpira."

Alitazama barabara. Akangoja lori la ndizi lipite.

"Wamekuambia ni kwa ajili ya mama yake," akasema.

"Wameniambia."

"Hapana. Mimi mama yake hata sikumwona. Nilikuja kumwona baadaye, analia. Niliogopa, mama. Nilishika ule mpira na miguu ikaisha. Niliona mzee Oloo amesimama na mikono juu kichwani, nikaona wale watoto kwenye ukuta, nikaona nikikosa hawa watu watanifukuza, na mimi sina pengine pa kwenda. Nikatafuta mtu ambaye haogopi. Nikamwona Travis anacheka. Travis alikuwa anacheka kila wakati. Nikampa."

Nikakaa kitako juu ya vyuma vya fundi. Mimi, Teresa!

"Baada ya mechi nilikuwa najiandaa kumwambia," akaendelea. "Nikasikia Barnabé anawaambia watu ile habari ya huruma. Watu wakanishika bega, wakasema mimi ni mtu wa roho nzuri. Nikanyamaza. Siku ile kunyamaza kulikuwa rahisi. Wiki iliyofuata kila mtu alikuwa ameshaamini."

"Whitney anajua."

"Nilimwambia jioni ile ile."

"Akasema nini?"

"Akasema nimwambie Travis."

"Na umemwambia?"

Alikirudisha kinyago kichwani bila kukishusha usoni. "Nimekwenda Kibuli mara nyingi," akasema. "Nafika pale chini ya msikiti, ananiuliza naenda wapi, nasema naenda mjini, ananibeba mpaka mjini. Hataki nilipe."

Jamani, nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na vyote viwili nilivitaka kwa nguvu sawa. Niliondoka bila kuaga vizuri. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, wapita njia wakinipisha. Hili ndilo nililokuwa nimelipata: kaka yangu, pamoja na ukorofi wake na video yake, alikuwa sahihi. Kijana aliogopa. Nikilisema hilo kesho, Whitney amekwisha. Nikilimeza, basi nitamwoza kwa maneno matamu ya Barnabé, kama nilivyoozwa mimi kwa makombe. Lakini Byron, katika miaka yote niliyomfulia na kumpikia, sikuwahi kumsikia akisema neno lile. Niliogopa. Hata siku aliyokimbia alisema anakwenda kutafuta maisha. Na huyu, aliyekuwa na kila sababu ya kunidanganya, alilisema mbele ya geti la watu, mchana kweupe, akijua ni mimi nitakayelibeba.

Sasa huyo amefaulu au hajafaulu? Hebu niambieni nyinyi.

Jumamosi wageni walifika mchana, wamevaa suti za kuazima, kumi na mmoja wao. Gradi hana baba mdogo wala mjomba Kampala hii, basi timu ndiyo iliyomsindikiza. Nilimwona Travis nyuma, kafunga tai, hacheki. Sebule ya kaka ilijaa mpaka wengine wakakalia mikono ya makochi. Nabangala, mke wa kaka, alikuwa jikoni na wanawake wenzake, na harufu ya kuku na ugali wa wimbi ilikuwa imetufikia. Whitney yuko chumbani, kama inavyotakiwa.

Niwaeleze mambo mawili, maana bila hayo hamtaelewa kilichonipata. La kwanza, siku ya posa bwana harusi haongei. Anakaa, anainamisha kichwa, wengine wanamsemea. La pili, mkwe akishaingia hatoki nje ya nyumba mpaka ale. Akitoka kabla ya kuonja, ameikataa nyumba, na mazungumzo yamekufa. Hata akirudi na ng'ombe hafunguliwi. Gradi alifundishwa yote hayo. Nilimfundisha Barnabé mimi mwenyewe, naye akamfundisha.

Salamu zikaisha, sala ikasemwa. Barnabé akasimama, akamsifu Gradi kwa sauti ya mahubiri. Alipofika kwenye penalti, akasimulia habari ya mama wa Busia na leso yake, na moyo wa kijana aliyeachia utukufu wake ili mwingine aupate. Wageni wakaguna kwa kuridhika. Nilimwangalia Travis. Alikuwa anatazama zulia, na shingo yake imevimba kwenye ile tai.

Kaka akanigeukia. "Dada yangu nilimtuma. Teresa, simama. Alifaulu au hakufaulu?"

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri na yote yalinitoroka. Nikasikia ninasema, "Nilitumwa, nimerudi. Jibu ninalo, lakini si langu kulitoa. Mwenyewe yumo humu ndani, na ana mdomo."

"Teresa! Bwana harusi haongei."

"Leo ataongea."

"Utaratibu gani huo?"

"Wangu," nikasema. "Uliponituma nikaulize timu ya mpira ulikuwa utaratibu wa nani?"

Mtu mmoja akacheka kwa pua, akanyamazishwa. Gradi aliinua kichwa, akanitazama, na uso wake ukawa ule ule wa kwenye video. Niliuona, na naamini kaka pia aliuona. Kisha akasimama. Hakumgeukia kaka yangu. Aligeuka nyuma.

"Travis," akasema. "Si kwa ajili ya mama yako. Sikumwona mama yako. Niliogopa. Nilikupa kwa sababu niliogopa kupiga, na nikaacha watu waseme ni huruma. Ungenipiga hata siku ile ningekubali."

Barnabé alikaa chini polepole. Hata jikoni kulinyamaza, kwa hiyo nilijua wanawake wote wako nyuma ya pazia.

Travis alinyanyuka. Nilidhani atatukana. Alipoongea sauti ilikuwa ndogo. "Mama yangu anakuombea," akasema. "Kila Jumapili, mpaka leo. Anasema, Mungu ambariki yule kijana wa Kongo aliyemwonea mwanangu huruma, na mimi nisamehewe kwa kumwaibisha. Ananiambia niseme amina. Na mimi nasema amina."

Akapita katikati ya miguu ya watu, akatoka. Mlango ukabamizwa.

Gradi alibaki amesimama. Kaka yangu naye, siwezi kusema alikuwa na uso gani. Nilitegemea furaha, maana ameshinda, alikuwa akisema hivyo tangu mwaka jana. Lakini aliipapasa simu mfukoni, akaiacha huko huko, akasema, tena kwa upole ambao sikuwahi kuusikia, "Keti, kijana. Umesema kweli yako. Chakula kinakuja. Keti tumalize."

Jamani, kaka alikuwa amempa binti! Mlango ulikuwa wazi, alichotakiwa ni kukunja magoti tu na kukaa. Nilimwona Whitney amejitokeza kwenye korido, utaratibu wote umevunjika sasa, kashika ukuta. Gradi alimtazama. Akautazama mlango aliotokea Travis.

"Mzee, unisamehe," akasema. "Mama," akanigeukia, "unisamehe." Akatoka.

Ghasia ikalipuka. Barnabé anasema mtoto hajui mila, mwingine anasema aitwe arudi haraka bado yuko uani, haijahesabika. Kaka amesimama katikati ya sebule, mikono juu ya kichwa. "Ameikataa nyumba," akasema. "Mmeona wote. Nimemkaribisha kwa mdomo wangu, ameikataa nyumba." Na kilichonishangaza ni kwamba alikuwa na uchungu wa kweli.

Whitney hakulia. Alinitazama mimi.

Sijui nilifikaje jikoni. Nabangala alikuwa na bakuli la kuku mkononi, la kwanza, lile la mkwe. Nilimpokonya. Nikachukua na sahani ya ugali, nikavipanga kimoja juu ya kingine, Nabangala ananiuliza, "Teresa, unakwenda wapi na chakula cha watu?" Nikamwambia kwamba mkwe akishakula amekula, popote alipo, na anayebisha aje tubishane. Nikatoka kwa mlango wa nyuma na viatu vya mtu mwingine.

Nyumba ya kaka ni ya mwisho kabla ya reli. Niliwaona kule juu ya kokoto, katikati ya njia ya treni, mbali kidogo na wauza makaa. Travis alikuwa ameivua tai na kuitupa. Alikuwa anapiga kelele, sikusikia nini, anaelekeza kidole upande wa Busia. Gradi alikuwa amesimama mbele yake, mikono imeshuka, hajitetei. Travis akamsukuma kifuani. Gradi akarudi nyuma kwa lile goti bovu, akayumba, akasimama tena pale pale.

Nikapanda tuta. Bakuli lilikuwa la moto, mchuzi ukinimwagikia kwenye kifundo cha mkono, nami sikuwa hata na kitambaa. Nyuma yangu nikasikia mlango unafunguliwa na sauti ya kaka yangu, kubwa, imekwaruza.

"Teresa! Hujanijibu! Alifaulu au hakufaulu?"

Nilimsikia. Namuwongo nzima ilimsikia. Sikugeuka. Nilifika karibu yao nikasimama, vidole vinaungua, na sikuwaita. Travis alikuwa amejishika kiuno, kifua kinapanda na kushuka, amempa Gradi mgongo. Gradi alisema neno moja ambalo sikulisikia. Travis alikaa kitako juu ya chuma cha reli, na baada ya muda akasogea kidogo, nafasi ya mtu mmoja, au labda alikuwa anakaa vizuri tu.

Nikaendelea kulishika lile bakuli.